Kupaka chokaa nyumba ya mawe ya Mwambao bila kuiharibu sura yake

Nyumba ya mawe ya Mwambao, iwe Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, Bagamoyo au Pangani, ina ukuta unaopumua. Mawe ya matumbawe yameshikanishwa kwa chokaa na udongo mwekundu, dari imebebwa na boriti za mikoko, na uso wote umevishwa lipu ya chokaa. Ukuta wenyewe ni mnene, mara nyingi sentimita 40 hadi 60. Unanyonya maji ya mvua na unyevu wa ardhini, halafu unayaachia polepole kupitia usoni. Chokaa inaruhusu maji hayo yatoke. Rangi ya plastiki na simenti haziruhusu.

Karibu kila nyumba ya aina hii inayoharibika baada ya "kutengenezwa" imeharibiwa na jambo hilo moja. Ukiziba uso, maji yanabaki ndani, udongo wa katikati unalainika, shura (chumvi nyeupe inayojitokeza usoni mwa ukuta) inasukuma rangi hadi inavimba na kubanduka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuviona. Sura nayo inapotea. Ule weupe mpole wa chokaa, unaobadilika kidogo kila jua linapogeuka, haupatikani kwenye kopo la rangi ya dukani hata liwe limeandikwa "nyeupe ya kale".

Kabla ya kununua chochote, uliza kuhusu kibali. Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001. Rangi ya nje, madirisha, milango na roshani si vitu vya kubadilisha kwa hiari yako peke yako. Unguja, pita kwenye Mamlaka ya Mji Mkongwe. Lamu, pita ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Nenda na picha za nyumba na maelezo ya vifaa unavyotaka kutumia.

Tafuta maji kwanza

Kupaka ukuta unaovuja ni kutupa pesa. Panda juu ukague paa, mifereji ya maji ya mvua na tangi. Angalia kama bomba la kiyoyozi linadondosha maji ukutani (hili limezidi sana miaka ya karibuni), na kama kuna bomba la bafuni lililofukiwa ndani ya ukuta. Mche wowote uliochipua kwenye ufa ukatwe na mizizi yake itolewe. Mtini mdogo unaopasua ukuta huanza kama kijani kidogo ambacho mtu angekingʼoa kwa vidole viwili.

Chini ya ukuta, angalia kimo cha unyevu. Doa linaloishia mita moja au mita moja na nusu kutoka sakafuni, na juu yake ukanda wa shura nyeupe, ni maji yanayopanda kutoka ardhini. Mara nyingi chanzo ni sakafu mpya ya simenti au vigae, ndani ya nyumba au uchochoroni. Ardhi iliyozibwa haipumui tena, kwa hiyo unyevu wote unakimbilia ukutani. Ukiweza, fungua ukanda wa sentimita 20 hadi 30 kando ya ukuta, uondoe simenti na ujaze kokoto.

Ukishaondoa chanzo, uache ukuta ukauke. Ukuta mnene unahitaji miezi. Ndiyo maana mpango mzuri ni kuziba mivujo kabla ya masika, kisha kupaka kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimepita na jua halijawa kali. Upepo wa kusi hukausha haraka mno, kwa hiyo uwe na magunia au vitambaa vya kuzuia.

Nyufa nazo zina maana tofauti. Ufa mwembamba kama unywele utafunikwa na chokaa yenyewe. Ufa unaoingiza ncha ya kisu, piga mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande, pima umbali kati yake, uandike tarehe, urudi baada ya miezi mitatu. Ukiwa umepanuka, au ukuta umetoka tumbo, hiyo si kazi ya mpakaji tena. Ita mhandisi anayejua nyumba za mawe. Beit el Ajaib, jumba kubwa la mwaka 1883 pale Forodhani, Unguja, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakafa. Ufa unaokua haufichwi kwa rangi.

Jua kilichopo ukutani

Mwagia ukuta maji kidogo. Yakinyonywa mara moja na mahali pakawa peusi, hapo kuna chokaa. Yakitiririka au kusimama kama matone juu ya jani la mgomba, hapo pana rangi ya plastiki au ya mafuta. Halafu piga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua. Panapolia kama ngoma, lipu imeachana na jiwe.

Kama unataka kujua rangi ya asili, kata dirisha dogo la sentimita 5 kwa 5 mahali palipojificha, nyuma ya mlango au juu ya kizingiti, kwa kisu chenye makali. Ondoa tabaka moja moja, kila moja uliache mbele kidogo ya lililo chini yake ili yaonekane kama ngazi. Lowesha kwa maji, rangi zitajitokeza. Nyumba nyingi zitakuonyesha nyeupe juu ya nyeupe, lakini usishangae ukikuta manjano ya udongo au buluu hafifu. Piga picha mchana, kivulini, kabla hujafunika.

Kuondoa plastiki na simenti

Chokaa haishiki juu ya rangi ya plastiki. Itakaa wiki chache kisha itabanduka kama ganda la yai. Rangi hiyo lazima itoke. Anza na kikwangulio na maji ya moto; palipovimba patatoka kirahisi. Panaposhika sana, mashine ya mvuke inasaidia, ila usiikazie mahali pamoja hadi lipu ikalowa. Usitumie mashine ya kupuliza mchanga wala ya maji ya kasi, kwa sababu zote mbili hula lipu ya zamani na kuchimba matumbawe.

Simenti iondolewe kwa tindo na nyundo ndogo, ukianzia panapolia tupu na kusogea kwa pembeni. Usichomeke tindo moja kwa moja kuelekea jiwe. Kama kuna mahali simenti imeshika kiasi kwamba kila pigo linatoa jiwe pamoja nayo, pengine ni afadhali kuiacha kwa sasa na kufungua sehemu zinazoizunguka. Kuvunja ukuta mzuri ili kuondoa simenti mbaya si faida.

Shura ifagiliwe ikiwa kavu, kwa brashi ngumu, na uzoe ile chumvi uitoe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Ukungu mweusi na kijani paka dawa ya kuua kuvu, subiri siku mbili, kisha sugua.

Chokaa ipi, na inaandaliwaje

Matumbawe au mawe ya chokaa yakichomwa kwenye tanuu hupoteza hewa ukaa na kuwa chokaa isiyozimwa. Ukiitia maji inachemka na kuwa chokaa iliyozimwa. Ukiipaka ukutani inavuta tena hewa ukaa na kugeuka jiwe. Hilo la mwisho ndilo siri ya kazi yote: chokaa haikauki tu kama rangi, inageuka, na ili igeuke inahitaji hewa, unyevu kidogo na muda.

Kwa hiyo chokaa ya shambani, ile ya kupunguza uchachu wa udongo, haifai. Ni jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Itakaa ukutani kama vumbi. Chokaa ya chakula cha kuku pia achana nayo. Unayoitaka ni chokaa iliyozimwa ya ujenzi, ya mfuko, au rojo la chokaa uliloandaa mwenyewe.

Mfuko uliokaa sana dukani huwa umeanza kugeuka jiwe ndani kwa ndani. Upime kwa ndimu: weka kijiko cha chokaa kwenye kisosi, kamulia ndimu. Povu jingi likitoka, chokaa imekwisha nguvu. Ikitulia, ni nzima. Mimina unga kwenye maji, si maji kwenye unga, koroga hadi iwe kama mtindi mzito, na uiache walau saa 24. Wiki ni bora.

Anayepata chokaa isiyozimwa apate na pipa la chuma, kwa sababu la plastiki linaweza kuyeyuka. Weka lita 20 hadi 25 za maji, kisha tia kilo 10 za chokaa kidogo kidogo kwa koleo ya mpini mrefu, ukikoroga. Itachemka na kurusha. Kamwe usimwage maji juu ya lundo la chokaa isiyozimwa. Vaa miwani ya kufunika macho, glavu za mpira, mikono mirefu. Watoto wasiwe karibu. Chokaa ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 20 bila kuacha, kisha hospitali.

Rojo likishapoa, chekecha kwa wavu wa milimita 2 hadi 3, lihifadhi chini ya maji ya vidole viwili. Kwa kupaka, mwezi mmoja watosha. Kwa lipu, subiri miezi mitatu au zaidi, kwa sababu chembe ambazo hazijazimika zitakuja kuzimikia ukutani na kurusha vipele vidogo kila mahali.

Kuziba lipu

Kipimo: sehemu 1 ya rojo kwa sehemu 3 za mchanga, kwa ujazo. Mchanga uwe wa shimoni au wa mtoni, mkali, usio na udongo. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo shura ya kesho. Chini ya ukuta, panapolowa, punguza mchanga hadi sehemu 2 na nusu, uongeze nusu sehemu ya unga wa matofali ya kuchoma. Unasaidia lipu kushika hata penye unyevu.

Lowesha jiwe vizuri jioni, na tena asubuhi. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, usizidi milimita 10 hadi 12. Ukwaruze ukiwa bado laini, usubiri wiki moja, kisha upige wa pili. Shimo kubwa lijazwe kwanza kwa vipande vya matumbawe na chokaa. Nyunyizia maji asubuhi na jioni kwa siku tano na uning'inize magunia mabichi mbele yake. Lipu ikipasuka kama tope lililokaukiwa, ulikuwa na rojo jingi, ulipiga nene au jua limewahi.

Malizia kwa mwiko wa mbao, ukifuata mawimbi ya ukuta wa zamani. Ukuta wa nyumba hizi haujawahi kunyooka, na kiraka kilichonyooshwa kwa rula kitaonekana toka upande wa pili wa uchochoro.

Kupaka

Chukua lita 5 za rojo, ongeza maji lita 12 hadi 15 taratibu, koroga, chuja kwa kitambaa cha melimeli. Iwe kama maziwa ya ng'ombe. Chovya kidole: ngozi lazima ionekane kupitia chokaa. Kwa ukuta unaonyonya kawaida, kadiria lita 1 kwa mita za mraba 4 hadi 6 kila mkono, lakini jaribu mita moja kwanza, maana kuta zinatofautiana sana.

Lowesha ukuta hadi uwe na unyevu lakini usio na maji yanayong'aa. Tumia brashi pana ya katani au ya nywele. Rola haifai, inatandaza juu bila kusugulia ndani. Anza juu ushuke, ukisugua kila upande, na usiache mstari wa kuungia katikati ya ukuta. Simama kwenye kona au ukingo wa dirisha. Koroga ndoo kila baada ya dakika chache kwa sababu chokaa hutuama. Fuata kivuli: ukuta wa mashariki upakwe alasiri, wa magharibi asubuhi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Chokaa ikiwa mbichi inaonekana kama maji machafu na ukuta unaonekana vilevile. Fundi anapata wasiwasi, anaiongeza uzito. Usifanye hivyo. Itang'aa ikikauka, na kila mkono unaongeza. Chokaa nzito hupasuka vipande vidogo na kutoka unga unaoshika nguo.

Piga mikono 4 juu ya lipu mpya, 5 au 6 ikibidi, na saa 24 kati ya mmoja na mwingine. Kila mara lowesha kidogo kabla ya kuanza. Baada ya wiki mbili pitisha kiganja. Unga kidogo ni kawaida. Ukitoka mwingi, ama ulipaka nene, ama ukuta ulikuwa mkavu, ama jua lilikuwahi, ama chokaa ilikuwa ya mfuko uliolala. Fagia, lowesha, paka mkono mmoja mwepesi.

Watu watakushauri utie gundi nyeupe ya mbao ili isitoke unga, au simenti nyeupe ili ishike. Vyote viwili vinarudisha ile ngozi uliyohangaika kuitoa. Wengine hutia chumvi ili chokaa isikauke haraka. Kwenye ukuta wa matumbawe wenye chumvi yake tayari, hapana. Kinachofaa kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua ni mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa: gramu 50 hadi 100 kwa kila kilo ya chokaa isiyozimwa, yakitiwa wakati inachemka. Yatumie kwenye mikono miwili ya mwisho peke yake, kwani mkono usio na mafuta haushiki vizuri juu yake.

Kama unatia rangi

Chokaa ni kali na inakula rangi nyingi. Zinazostahimili ni za udongo na za oksidi ya chuma: manjano, nyekundu, kahawia, nyeusi. Buluu ya ultramarine nayo hudumu kwenye chokaa. Loweka unga wa rangi kwa maji ya moto usiku mzima, uchuje, ndipo uchanganye. Usizidishe gramu 50 kwa kilo ya chokaa kavu kwa rangi za kawaida. Ukifika gramu 100 chokaa inaanza kukosa nguvu ya kuzishika. Changanya ya ukuta mzima kwa mara moja, kwa sababu huwezi kurudia rangi ileile kesho. Rangi ndani ya ndoo ni nzito mara kadhaa kuliko itakavyokuwa ikikauka, basi paka kipande, subiri siku mbili, ndipo uamue.

Zidaka na nakshi za lipu

Katika nyumba za Lamu na Pate, zidaka (vishubaka vya ukutani) na nakshi za chokaa mara nyingi zimezama chini ya mikono mingi ya chokaa ya miaka nenda miaka rudi, hadi kingo kali za mchoraji zimekuwa mviringo kama sabuni iliyotumika. Kuongeza mkono mwingine ni kuzifuta zaidi. Lainisha kwa sponji yenye maji, kisha ondoa tabaka kwa kijiti cha mwanzi au cha mti mgumu kilichochongwa ncha. Kisu cha chuma kikae mbali. Nusu mita kwa siku ni kasi nzuri. Ukishafika kwenye kingo, paka mkono mmoja mwepesi sana kwa brashi ndogo na uache hapo. Kipande kilichovunjika kijazwe tu kama pande zote mbili za mchoro bado zipo za kufuata.

Milango, madirisha na roshani

Rangi ya zamani ya mafuta kwenye mbao inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiichome kwa moto wala kuipiga msasa mkavu. Tumia msasa wa maji au kikwangulio, tandaza turubai chini, vaa barakoa ya vumbi laini, na wajawazito na watoto wakae nyumba nyingine hadi umalize kufagia kwa maji.

Mlango wa nakshi usipigwe vanishi. Vanishi hupasuka juani, maji huingia chini yake, na kuitoa kwenye mchoro ni kazi ya kuharibu mchoro. Safisha kwa brashi ya meno na kitambaa chenye unyevu, hasa kwenye mfaa (mbao ya katikati ya mlango) na miimo, kausha siku mbili kivulini, kisha paka mafuta ya kitani membamba, ufute yaliyobaki baada ya dakika 20. Mikono miwili yatosha. Vitambaa vya mafuta hayo usivirundike, kwani vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje vikauke au viloweke majini. Misumari ya shaba ikisuguliwa kwa dawa ya kung'arisha, dawa hiyo huacha weupe kwenye mbao, basi kinga kwa karatasi iliyokatwa au uiache shaba na rangi yake ya uzee. Sisi tungeiacha.

Mbao zilizooza zikatwe hadi penye uzima na kuungwa kwa mbao ya aina ileile. Skrubu za chuma cha kawaida zinapata kutu upesi kwenye hewa ya bahari na kupasua mbao. Tumia za shaba au chuma kisichoshika kutu. Kwa madirisha na roshani zilizokuwa na rangi, rudishia rangi ya mafuta kwa mikono myembamba, na upake vichwa vya mbao, pale nyuzi zinapokatika, mara mbili zaidi. Maji huingilia hapo.

Baada ya hapo

Ukuta wa nje unaopigwa na mvua upewe mkono mmoja au miwili kila miaka miwili au mitatu. Wa ndani unaweza kukaa miaka mitano na zaidi. Huhitaji kukwangua, unafagia na kulowesha tu. Mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, safisha mifereji na uangalie chini ya boriti panapoingia ukutani: chomeka bisibisi, na ikizama kama kwenye boga, ita seremala kabla ya mpakaji.

Rojo lililobaki lisitupwe. Liweke kwenye ndoo yenye kifuniko, maji ya vidole viwili juu yake, na uandike ubavuni tarehe, kipimo na rangi uliyotia.